Gary Hocking: Msee wa Bulawayo aliyepanda ngazi ya nduthi hadi juu, kisha akaiacha

Kama wewe ni wa pande za Airport huku Changamwe, unaijua ndoto ya kila kijana wa steji: leo uko na 150, kesho unataka dude la kunguruma hadi abiria wanaotoka kwa ndege wageuke. Lakini kupanda ngazi ni kuongeza cc tu? Tulia nikupe stori ya Gary Hocking.

Jamaa alizaliwa Wales mwaka wa 1937 na kulelewa Bulawayo, enzi hizo ikiitwa Rhodesia, siku hizi Zimbabwe. Mwaka wa 1958 akaona nyumbani pamekuwa padogo, akaenda Ulaya kukimbiza Norton za 350 na 500. Alikuwa moto, lakini ukiwa na Norton ya kujitegemea, mashine za kiwanda za MV Agusta unaziona tu mgongo.

1959 sasa akacheza kama yeye. Kiwanda cha MZ cha Ujerumani Mashariki kikampa 250. Wewe ungekubali kushuka kutoka 500? Yeye alikubali. Injini ndogo yenye mafundi wa kiwanda nyuma yake ni bora kuliko kubwa unayohangaika nayo solo. Akashinda Sweden, akashinda Ulster. MV wakaona afadhali awe wao.

1960 akawa namba 2 duniani kwenye 125, 250 na 350, zote msimu mmoja! Halafu John Surtees, mfalme wa MV, akahamia magari. Kiti kikabaki wazi, na 1961 Hocking akabeba ubingwa wa dunia wa 350 na 500.

Manze, hapa ndipo panauma. Juni 1962, kwenye mbio za Isle of Man, beshte yake Tom Phillis wa Australia, bingwa wa dunia wa 125, aliingia daraja la 350 na Honda ya 250 iliyopanuliwa hadi 285. Alikuwa akiwafukuza Hocking na Mike Hailwood alipoanguka, akafa papo hapo. Hocking alivunjika moyo. Wiki hiyo hiyo akashinda mbio za 500, kisha akamwambia bosi wa MV kwamba amemaliza na pikipiki. Akarudi Afrika akiwa na miaka 24 tu.

Akachagua magari, akiamini ni salama zaidi. Desemba 21, 1962, akifanya mazoezi ya Natal Grand Prix karibu na Durban, Lotus yake ilipata ajali. Alikufa akiwa na miaka 25.

Kwa hivyo msee, siku ukipata doo ya kuchukua nduthi kubwa, usiulize cc peke yake. Uliza nani ataitengeneza, na unamfukuza nani. Hocking aliyajua hayo yote, na bado barabara ilimchukua.