Julius Wolff, munganga aliyeonyesha kama mfupa unashika alama ya kazi

Mfupa wa mtu anayebeba mizigo kila siku hauko sawa na ule wa mgonjwa aliyelala miezi mingi. Mmoja unakuwa na nguvu, mwengine unapungua. Munganga aliyefanya jambo hilo lijulikane kama sheria ni Julius Wolff, wa Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1836 katika Prussia ya Magharibi, kwenye jamaa ya Wayahudi. Alisomea uganga Berlin kwa mpasuaji Bernhard von Langenbeck, akamaliza 1860. Vita vya 1864, 1866 na 1870 vilimpeleka kutibu askari.

Wazo lake lilianzia kwa wengine. Mwaka 1866, kule Zürich, Hermann von Meyer alikuwa anaonyesha mifupa iliyopasuliwa katikati. Ndani ya kichwa cha mfupa wa paja kuna vijiti vidogo vidogo, vimejipanga kwa mistari. Injinia Karl Culmann alipoviona alishangaa: kumbe mistari ile inafanana na ile anayochora yeye akipima nguvu inavyopita ndani ya mashini ya kuinua mizigo!

Wolff akashika habari ile. Alikata mifupa vipande vyembamba sana, na mwaka 1870 akatoa maandiko yake. Kisha akatazama mifupa iliyovunjika na kuunga vibaya. Humo akaona vijiti vimejipanga upya, kufuata njia mpya ya uzito. Mwaka 1892 akayaweka yote katika kitabu: kazi ya mfupa ikibadilika, umbo lake la ndani na la inje linabadilika pia.

Kwa watoto waliozaliwa na miguu ya kupinda, hii haikuwa maneno ya kitabu tu. Wolff alinyoosha mguu pole pole, akiufunga plasta hatua kwa hatua, ili mtoto aukanyagie vizuri. Mguu ukikanyaga sawa, mifupa nayo inafuata. Kliniki yake ya Berlin ikakuwa ya chuo kikuu mwaka 1890.

Si yote aliyosema yalikuwa kweli. Alishikilia kama mfupa unakua kutoka ndani kwa kutanuka, na wenzake walimpinga. Leo inajulikana kama mfupa unaongezwa na kupunguzwa juu ya nyuso zake, na seli ndizo zinafanya kazi ile. Zingine zimefungiwa ndani ya mfupa, zinasikia uzito, zinatuma habari.

Wolff alikufa Berlin mwaka 1902, bila kujua kama seli hizo zinasikia uzito. Miaka ya karibuni, wataalamu wameona jambo lingine: seli changa zikikaa siku nyingi juu ya kitu kigumu, hata zikihamishwa kwenye laini, zinaendelea kujiendesha kama ziko bado pagumu. Zikikaa pale siku chache tu, zinasahau.

Mgonjwa aliyetolewa plasta anaombwa kurudilia kutembea pole pole. Mfupa unahitaji kazi, na unahitaji pia wakati.