Alexander Mackay, Msimamizi wa Kazi Kandokando ya Ziwa

Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta tayari wako Wahaya waliokuwa wakikusanyika na kusoma Maandiko kwa lugha ya Kiganda. Vitabu hivyo vilitoka kaskazini, ng'ambo ya mto Kagera. Lakini herufi za chuma na kinu cha kupigia chapa vilivyoanzisha usomaji huo Buganda vilikuwa vimepita kwanza kusini, katika mchanga wa Kageye, mashariki ya mji wa Mwanza wa leo, vikaopolewa humo katika lundo la vitu vilivyoharibika na mtu mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na minane. Mtu huyo hakuwa mchungaji wala hakubarikiwa kamwe. Alikuwa mhandisi, na ndiyo maana historia ya makanisa ya kandokando ya Ziwa haikamiliki bila yeye.

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, katika jimbo la Aberdeen, Uskoti. Baba yake mzazi alikuwa mchungaji, akatamani mwana afuate nyayo zake. Kijana alipenda zaidi karakana ya mhunzi na kinu cha msumeno. Akasomea ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi katika chuo kikuu cha mji huohuo, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani. Mjini Berlin alifanya kazi ya kuchora ramani za mitambo, akapandishwa cheo hata kuwa mkuu wa idara ya magari-moshi katika kiwanda. Alipanga katika nyumba ya Baur, mhubiri wa kanisa kuu la mji, wa Kanisa la Kiinjili la Prussia lililowaunganisha Walutheri na Wareformati. Katika nyumba hiyo ya Kijerumani nia yake ya kwenda Afrika ilikomaa.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Stanley iliyoomba walimu kwa ajili ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Mtu wa aina aliyetakiwa, kwa maelezo ya Stanley, hakuwa mhubiri tu, bali mwenye kujua kujenga nyumba, kuponya wagonjwa, kulima na kufanya kazi zote za mikono. Shirika la CMS lilikusanya fedha za waumini na kuunda kikosi cha watu wanane. Mackay akachaguliwa kuwa mmoja wao, akaondoka Uingereza Aprili 1876.

Hapa ndipo ieleweke kazi yake ilikuwa nini hasa. Waliotoa fedha walikuwa London: wajane, wafanyakazi wa viwandani, watoto wa shule ya Jumapili, na juu yao halmashauri ya Shirika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuliona Ziwa. Walihitaji mtu wa kusimama mahali pao penye kazi, atakayepima kama mbao ni nzima, kama fundi amelipwa haki yake, na kama njia iliyochorwa mezani inapitika kwa miguu. Tena atakayewaandikia ukweli hata usipopendeza. Usharika wowote uliojenga kanisa unajua thamani ya mtu wa namna hiyo, na hasara ya kumkosa.

Kazi ilianza kwa namna hiyo tangu Uingereza. Mackay alishughulikia zana na injini ya mashua iliyoitwa Daisy, na boila lake lilitengenezwa kwa pete pete ili wapagazi waweze kulibeba. Halmashauri ilitumaini kwamba mito ya Wami na Kingani ingepitisha mashua hadi bara. Kikosi kilipofika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876, mito yote miwili ilijaribiwa, ikaonekana inajizungusha na kujipinda mno hata haifai. Tumaini lile likaachwa. Ikawa ni kutembea.

Mackay mwenyewe aliugua njiani, akarudishwa pwani. Wenzake walipoendelea kuelekea Ziwa, yeye alipewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230, karibu kilomita 370. Aliifanya mwaka 1877 akiwa na vibarua wenye mashoka na mapanga, akawalipa kwa merikani na kaniki, maana ndizo zilizokuwa fedha za barabara ile. Barabara ilikamilika. Kilichoshindikana ni magari ya kukokotwa na ng'ombe ambayo yangepita juu yake. Ndorobo waliwamaliza ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na magari yakakwama. Mpango ulikuwa wa London na hasara ilionekana Ugogo. Mackay hakuificha.

Akiwa bado katika shida hizo, habari mbaya zilimfikia. Mwezi Desemba 1877 kiongozi wa kikosi, Shergold Smith, pamoja na Thomas O'Neill waliuawa Ukerewe. Kisa hiki kinastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa kuwa chanzo chake hakikuwa dini. Kilikuwa chombo na mbao. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro alikuwa akiunda jahazi kisiwani, na wamisionari wakalinunua kwake. Kwa habari zilizofika, mtawala wa Ukerewe, Lukonge, alidai kwamba Songoro alikuwa hajalipa deni la mbao zilizokatwa katika nchi yake. Ugomvi ulipowaka, Songoro alikimbilia kwa Wazungu, nao hawakukubali kumtoa. Askari wa Lukonge wakashambulia, na karibu watu wote waliokuwa pamoja nao wakaangamia.

Hivyo Shirika lilinunua chombo ambacho deni lake lilikuwa bado shingoni mwa muuzaji. Smith na O'Neill walikuwa watu wema na hodari, wala si haki kuwahukumu kutoka mbali. Lakini anayenunua kwa niaba ya wengine hana budi kuuliza mali ilikotoka na nani bado anaidai, na kisiwani Ukerewe wanaume wengi walikufa kwa swali hilo.

Mackay alifika Kageye mwezi Juni 1878. Watu wa Ziwa walitazamia kisasi, na wako waliomwonya asithubutu kuvuka. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akakaa na Lukonge siku kadhaa, wakazungumza, akarudi salama. Neno la kulipiza kisasi likaishia hapo.

Ndipo akageukia mali ya Shirika. Katika banda la Kageye vilirundikana mabomba ya boila na vitabu, herufi za chapa na mbegu za bustani, misumeno, magurudumu ya injini, nguzo za hema, vyote pamoja, vikiliwa na kutu na mchwa. Kwa muda wa siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, alitenganisha kitu na kitu, akasafisha, akahesabu. Mwisho wake injini ilisimama kamili hadi parafujo ya mwisho, na herufi zilikuwa mahali pake. Msimamizi wa ghala yeyote aliyewahi kupokea ofisi iliyoachwa na marehemu atajua uchungu wa siku hizo kumi: kila kifaa kilikuwa na alama ya mkono wa mwenzake aliyekufa.

Daisy nayo ilikuwa ufukoni, mbao zake zimepasuka kwa jua. Akaikalafati upya, na mwezi Agosti akaabiri pamoja na mwenzake Wilson aliyekuwa amekuja kutoka Buganda. Dhoruba iliwatupa katika pwani ya magharibi, na mashua ikavunjika. Wenyeji wa pwani hiyo wangeweza kuwapora. Badala yake waliwaacha wakae kwa amani wiki zipatazo nane, na Mackay akafanya jambo ambalo mafundi wa vyombo wanalielewa vizuri kuliko watu wengine. Alikata sehemu ya katikati ya mashua, futi 8 nzima, akatumia mbao zake kuziba palipoharibika, kisha akaunganisha omo na tezi. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Tarehe 6 Novemba 1878 aliingia mji mkuu wa Mutesa.

Kuhusu miaka yake ya Buganda mengi yameandikwa kwingine. Alichimba kisima na kukitia pampu, jambo lililowashangaza watu walioona maji yakipanda kilima. Alifundisha vijana uhunzi na useremala mchana, na kusoma jioni, kwa karatasi alizozipiga chapa kwa mkono wake. Yeye na Ashe walishughulika na tafsiri ya Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Biblia nzima ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya Pilkington, na hiyo ndiyo iliyovuka Kagera.

Lakini yako ya mwaka 1882 ambayo hayapasi kupitwa. Namasole, mama yake Kabaka, alifariki, na Mutesa akataka azikwe kwa heshima ambayo haijawahi kuonekana. Mackay akatakiwa kusimamia majeneza: si moja bali matatu, moja ndani ya lingine, na mojawapo likiwa la shaba iliyopatikana kwa kufua sinia na vyombo. Kazi ilichukua karibu mwezi mzima. Wahunzi wa ikulu walikuja na kuondoka watakavyo, na kipimo kilikuwa kikubwa kama matakwa ya Kabaka yalivyokuwa makubwa. Mackay aliona kwamba ni upotevu wa mali, kwa kuwa nguo zilizoshushwa kaburini zilikuwa utajiri usiohesabika. Hata hivyo alifanya kazi yake mpaka pigo la mwisho la nyundo, sawasawa na kipimo kilichoamriwa. Pengine hapa alikosea kwa kuruhusu muda wa misheni uliwe na fahari ya ikulu. Wenzake wengine walidhani hivyo. Yeye alijua kwamba mafundisho yote yalisimama juu ya ridhaa ya mtu mmoja, na kwamba mtu huyo alimpima kwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 1883 alirudi kusini mwa Ziwa kuunganisha mashua mpya ya Shirika, Eleanor, iliyoletwa vipande vipande. Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanga alipotawala, siku za damu zikaja. Mwezi Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa, na Oktoba mwaka huohuo Askofu Hannington akauawa Busoga. Mackay alibaki. Kwa muda mrefu alikuwa peke yake, akipiga chapa usiku na kuwatengenezea wakuu vitu mchana. Mwezi Julai 1887 Mwanga alimtaka aondoke, akafunga milango, akakabidhi funguo, akavuka kwa Eleanor hadi Usambiro, kusini mwa Ziwa.

Hiyo ndiyo miaka inayohusu zaidi upande huu wa Ziwa, wala haikuwa mingi. Mwaka 1888 Askofu Parker alikufa hapo Usambiro mara baada ya kufika, na mwenzake Blackburn naye akafa. Mackay aliendelea kujenga. Stanley, aliyepita na Emin Pasha mwezi Agosti 1889 na kukaa hadi Septemba, alikuta karakana imara yenye mashine na zana, mashimo ya kupasulia mbao, magogo makubwa ya miti migumu, nguzo za boma zimepangwa, zizi la ng'ombe, na watoto wakitoka shuleni. Wahunzi walikuwa wakitengeneza boila la meli ndogo ya mvuke. Injini zake ni zilezile zilizosafishwa Kageye miaka kumi na mmoja kabla. Shirika lilikuwa limemwomba arudi Uingereza kupumzika. Alijibu kwamba hataondoka mpaka waje wa kushika mahali pake.

Hawakuja kwa wakati. Mwezi Februari 1890 homa ilimshika, na kwa siku chache tu ikamwua, akiwa na umri wa miaka arobaini. Alikuwa amekaa Afrika karibu miaka kumi na minne bila kuiona tena nchi yake. Wanafunzi wake na mmisionari mmoja aliyekuwa mgonjwa walimzika karibu na Parker. Meli ya mvuke haikukamilika. Meli ya kwanza ya namna hiyo ziwani, William Mackinnon, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli ya kutoka Mombasa, ambayo Mackay aliitetea katika barua zake, ikafika hapo mwaka uliofuata.

Usambiro uliachwa, na kazi ya CMS kusini mwa Ziwa ikashikwa Nasa, katika ghuba ya Speke, mpaka ilipokabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalifukuliwa na kuhamishiwa Namirembe, Kampala, penye kanisa kuu la Waganda. Mwaka uliofuata garimoshi la kwanza kutoka Tabora liliingia Mwanza.