Benjamin Britten na Wimbo wa Mtoto Baharia

Benjamin Britten alizaliwa tarehe 22 Novemba 1913 katika mji wa Lowestoft, pwani ya mashariki ya Uingereza. Nyumba ya wazazi wake ilielekea bahari, hata tangu utoto alizoea kusikia mawimbi. Baba yake alikuwa mganga wa meno. Mama yake alikuwa mwimbaji, akapenda sana mwanawe awe bingwa wa muziki.

Alipokuwa mvulana alipelekwa kwa mwalimu mmoja hodari, jina lake Frank Bridge. Mwalimu huyo hakuwa na huruma kwa kazi ya ovyo. Alikuwa akizipiga nyimbo alizoziandika mtoto, kisha humwuliza kama ndivyo alivyokusudia hasa. Masomo yalikuwa marefu, hata mtoto akatoka amechoka kabisa, na mama yake akaona wasiwasi. Lakini Britten alimshukuru mwalimu wake maisha yake yote.

Alipokuwa mtu mzima alisifiwa katika nchi nyingi, wala hakuacha kuwatungia watoto. Basi kwaya ya wavulana wa Vienna, katika nchi ya Austria, ilimwomba mchezo wa kuimba. Kwaya hiyo haikuwa na wasichana, na katika michezo yao wavulana walivikwa nguo za kike. Wakamsihi safari hii wasivikwe. Britten akawakubalia, akachagua hadithi ya wimbo wa kale wa mabaharia wa Kiingereza, mambo ya wanaume watupu. Akautunga mwaka 1966.

Habari yake ni hii. Merikebu iitwayo Golden Vanity ilishambuliwa na maharamia wa Kituruki. Mtoto mmoja, mtumishi wa merikebuni, akajitoa kwenda kuizamisha merikebu ya adui. Nahodha akamwahidi mali nyingi, tena atamwoza binti yake. Mtoto akaruka majini, akaogelea, akaitoboa merikebu ya maharamia kwa keke. Maji yakaingia, ikazama. Akarudi hoi, akaomba avutwe juu. Nahodha, hatari ikiwa imekwisha pita, akakataa. Wenzake walipompandisha, nguvu zilikuwa zimemwisha, akafa mbele yao.

Mtunzi mwingine pengine angaliubadili mwisho huo, kwa kuwa waimbaji ni watoto. Britten aliuacha ulivyo. Wavulana wenyewe waliimba sehemu zote, ya nahodha na ya maharamia pia, kwa piano moja tu, pasipo mapambo ya jukwaa; kuogelea na kupigana kulionyeshwa kwa ishara za mwili. Waliuimba mara ya kwanza mwezi wa Juni 1967 kijijini Snape, katika jumba lililokuwa zamani la kutengenezea kimea cha shayiri.

Miaka michache baadaye Britten alishikwa na ugonjwa wa moyo. Alifariki tarehe 4 Desemba 1976 katika mji wa Aldeburgh, akazikwa hapo penye uwanja wa kanisa, si mbali na bahari.