Sheikh Ramiya: Mtoto wa Vita Aliyepata Utulivu



Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, sisi wa Kamembe tulisikia milio ya risasi kutoka ng'ambo ya mto Rusizi. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa kitu. Hata ndani ya swala, mawazo yangu yalikuwa mpakani. Siku hizo ndipo nilipoanza kufuatilia maisha ya mtu aliyetoka upande huohuo wa Congo zaidi ya miaka mia moja iliyopita: Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, Allah amrehemu.

Alizaliwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, wakati misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikivamia vijiji. Alitekwa angali mtoto, akapelekwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki, tajiri wa Kiarabu wa Bagamoyo. Hakuwa na ukoo wa kumtetea. Humo ndimo alimoijua Kurani.

Hapa ndipo nilipoguswa. Waliomtumikisha walikuwa Waislamu. Angeweza kuichukia dini kwa sababu yao, na nani angemlaumu? Lakini hakuyabebesha maneno ya Allah makosa ya watu. Alianza na biashara ndogo, akafikia kumiliki mashamba ya minazi, huku akitafuta elimu hadi akawa mwalimu wa mji.

Na mji wenyewe haukuwa na amani. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka dhidi ya Wajerumani, na Bagamoyo ikawa uwanja wa mapigano. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huo wakitokea baharini. Bendera ya Sultani ilishuka, ya Mjerumani ikapanda na kushuka, ya Mwingereza ikafuata. Sheikh Ramiya alizipita zote tatu. Akawa kiongozi wa tariqa ya Qadiriyya, na katika dhikri zake mtumwa wa jana na mwungwana walikaa safu moja. Wanafunzi wake waliipeleka tariqa hiyo hadi bara. Alifariki 1931, akamwachia kazi mwanawe Muhammad, na mpaka leo watu humiminika Bagamoyo kwa maulidi na ziara yake.

Nimejifunza nini? Zamani nilidhani utulivu ni kitu utakachopewa vita vikiisha. Kama Sheikh Ramiya angesubiri hivyo, asingefundisha hata herufi moja. Sote tunaijua aya ya 28 ya Suratu Ra'd kuhusu utulivu wa nyoyo. Yeye aliijengea ratiba ya kila siku: darasa, swala, dhikri, pamoja na watu.

Sisemi hofu imeniisha. Bado nashtuka usiku. Lakini tangu siku zile, wachache wetu hubaki msikitini baada ya Magharibi, tukasoma juzuu moja na kuleta dhikri. Waliovuka kutoka Bukavu tuliwapisha safuni, nao wakasoma pamoja nasi. Nikirudi nyumbani, kitabu kinasomeka.

Allah awalinde wa pande zote mbili za mto. Amin.