Karl Blossfeldt: Bwana Aliyeyapa Magugu Heshima

Wengi wenye hamu ya kupiga picha za maua na wadudu kwa karibu huanza kwa kuulizia bei ya kamera. Lau wangaliyajua maisha ya Karl Blossfeldt wa Ujerumani, wangalianza kwa kujiuliza swali jingine: je, macho yangu yana subira?

Bwana huyu alizaliwa tarehe 13 Juni 1865 katika kijiji cha Schielo, kwenye milima ya Harz. Alipokuwa kijana aliingia uanagenzi katika karakana ya kusubu chuma huko Mägdesprung, akajifunza kufinyanga vielelezo vya mapambo. Nakshi za chuma za siku hizo zilijaa majani na maua, na hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Akaenda Berlin kuongeza elimu ya sanaa. Kuanzia mwaka 1890 alifanya kazi na mwalimu wake, Moritz Meurer, wakikusanya mimea Italia, Ugiriki na Afrika ya Kaskazini. Meurer alitaka mafundi wajifunze umbo kutoka kwa mmea wenyewe, badala ya kunakili ruwaza za kale. Ila mmea ukichumwa hunyauka, na mwanafunzi wa kesho atazame nini? Basi Blossfeldt akashika kamera ili umbo lile lisipotee.

Mwaka 1898 alianza kufundisha Berlin, akaendelea kwa miaka zaidi ya 30. Upigaji picha hakuusomea. Chombo chake kilikuwa kamera ya mbao aliyojiundia. Siri yake ni hii: lenzi ikisogezwa mbali na kioo kinachopokea picha, kitu kidogo huonekana kikubwa. Lakini kila kikuzwapo, nuru nayo hupungua, hivyo lenzi huachwa wazi kwa muda mrefu. Katika muda huo upepo mdogo tu huharibu kazi yote. Kwa hiyo alipiga picha ndani ya nyumba, kwa nuru tulivu ya mchana, na nyuma ya mmea akaweka karatasi tupu ya rangi moja. Picha zake nyingine hukuza kitu hadi mara 30.

Wala hakuhangaika kutafuta waridi za bustani za matajiri. Aliokota magugu kando ya njia na kwenye matuta ya reli: mbigili, majani machanga ya kangaga yaliyojikunja mfano wa bakora, na vikono vya mboga vinavyojisokota kama waya wa sonara. Mtu akiyatazama magugu hayo katika picha zake hudhani ni kazi ya mhunzi.

Kwa miaka mingi picha hizo zilikuwa vifaa vya darasani tu, na jina lake halikujulikana nje ya chuo. Mwaka 1926 Karl Nierendorf, mwenye jumba la sanaa mjini Berlin, alizitundika hadharani. Mwaka 1928 kikatoka kitabu cha picha 120, Urformen der Kunst, yaani maumbo ya asili ya sanaa, na mwalimu huyo mkongwe akavuma ghafla. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1932. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 67. Alitumika miaka 30, akaionja sifa miaka michache.

Basi, msomaji, ukitaka kuanza, anza na ua lililo karibu nawe. Litoe kwenye upepo, liweke kando ya dirisha, nyuma yake weka karatasi tupu, na kamera uisimamishe imara. Ukishaujua utulivu wa ua ambalo halikimbii, ndipo umwendee mdudu, ambaye hamngoji mtu. Kamera ya Blossfeldt ilikuwa ya mbao. Ila jicho lake halikuchoka kutazama kile ambacho wenziwe walikikanyaga.