Kegel, daktari aliyewaondolea akina mama aibu

JUBA. Mama aliyezaa akikohoa, akicheka au akinyanyua jerikeni la maji, mkojo unaweza kumtoka. Wengi hunyamaza kwa aibu.

Arnold Kegel, daktari wa wanawake aliyezaliwa Marekani mwaka 1894, alitibu wenye shida hiyo mjini Los Angeles. Aliona kuwa upasuaji hauwaponyi wote, na kwamba misuli ya chini ya nyonga inayoshikilia kibofu, ikilegea baada ya uzazi, huweza kurudishiwa nguvu kwa mazoezi. Alibuni kifaa cha kupima nguvu hiyo, na mwaka 1948 akachapisha matokeo yake.

Kegel alifariki zamani, lakini zoezi hilo bado linaitwa kwa jina lake. Mama hubana misuli kama anayezuia mkojo, hushikilia sekunde chache, hulegeza, kisha hurudia. Hufanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu au zaidi. Halina gharama, hata muuzaji wa soko la Konyo Konyo hulifanya akiwa ameketi.

Lakini mkojo ukitoka mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula. Hiyo haiponi kwa zoezi. Mama apelekwe hospitali.