Karamojo Bell: Mwindaji wa Mlima Elgon aliyetegemea bunduki nyepesi

Mnamo mwaka wa 1902, kabla mji wa Kitale haujajengwa, Mumias ndiyo iliyokuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu katika eneo la magharibi la nchi ambayo leo ni Kenya. Waswahili na Waarabu walijipanga hapo na wapagazi wao kabla ya kuelekea kaskazini. Mwaka huo kijana mmoja kutoka Scotland alijiunga na safari hizo, akaupita Mlima Elgon na kuingia nchi ya Wakaramoja. Jina lake lilikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell, ingawa ulimwengu ulimjua baadaye kama Karamojo Bell.

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia tajiri. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto mdogo, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Shule haikumshika. Akiwa angali kijana, alifika Afrika Mashariki na kupata kazi ya kuwaua simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda.

Ni katika kazi hiyo alikopata somo lililomwongoza maisha yake yote. Bunduki aliyokuwa nayo ilipiga risasi moja moja, na katika joto la nchi hii maganda ya risasi yalinasa ndani ya kasiba. Mtu aliyesimama mbele ya simba akiwa na bunduki iliyokwama hana tofauti na mtu asiye na silaha. Tangu hapo Bell alitafuta jambo moja katika bunduki kuliko ukubwa wa mlio wake: uaminifu.

Baada ya kwenda Kanada wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, na kisha kupigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, alirejea Afrika Mashariki. Wawindaji wengi wa enzi hizo walibeba bunduki nzito za midomo miwili. Bell alichagua bunduki nyepesi za komeo. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kampuni ya Rigby ya London, iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser wa Ujerumani na kutumia risasi nyembamba ya milimita 7. Aina nyingine aliziacha pale risasi zake zilipokosa kuaminika.

Mtambo wa Mauser wa mwaka wa 1898 una bawa dogo la chuma nyuma ya komeo. Hicho ndicho kizuizi cha usalama. Likilala upande wa kushoto, bunduki iko tayari kulipuka. Likisimama wima, bunduki hailipuki, lakini komeo hufunguka ili risasi zitolewe. Likilala kulia, komeo nalo hufungika. Ubora wake ni kwamba halizuii kifyatulio pekee, bali huishika pini yenyewe inayopiga risasi.

Hata hivyo, chuma huchakaa. Bawa likilika, au likibadilishwa na la bunduki nyingine bila kurekebishwa, haliivuti tena pini nyuma inavyotakiwa. Hapo mtu akigusa kifyatulio huku bawa limefungwa, hakuna kinachotokea. Lakini siku bawa linapofunguliwa, bunduki hulipuka yenyewe. Mafundi huipima kwa njia rahisi. Huhakikisha kwanza kwamba hakuna risasi ndani, hulivuta komeo, hufunga bawa, huvuta kifyatulio na kukiachia, kisha hulifungua bawa. Mlio wa pini kugonga ukisikika, bunduki hiyo ni hatari na haifai kutumiwa hadi itengenezwe na fundi mwenye leseni. Uchafu na mafuta yaliyoganda pia hulizuia bawa kukaa mahali pake.

Bell hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulikokaa, na akagundua namna ya kuulenga hata kutoka nyuma kwa mshazari. Kwa ujuzi huo aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki hiyo nyepesi.

Lakini hakufanya kazi hiyo peke yake. Wakaramoja ndio waliojua tembo walipo, na Bell aliwalipa kwa ng'ombe wale waliomletea habari, na wanakijiji walijichukulia nyama. Mmoja wao, Pyjalé, alikuwa mwongozaji wake na rafiki. Wapagazi ndio waliobeba pembe hadi sokoni. Utajiri uliotokana na migongo yao ulimjengea Bell maisha.

Baada ya Karamoja aliwinda Lado, Liberia na kwingineko. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa rubani, akapigana Afrika Mashariki pia, na kutunukiwa nishani ya Military Cross. Mwaka wa 1923 alichapisha kitabu cha safari zake. Alimalizia siku zake Scotland, alikofariki mwaka wa 1954.

Wapenzi wa bunduki humsifu hadi leo kwa umakini wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina upande wa pili. Bunduki isiyokwama, mikononi mwa mtu asiyekosa, haikumwachia tembo nafasi. Bell hakuwa mwindaji wa pekee wala wa mwisho. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwapunguza mno tembo wa Mlima Elgon, wale mashuhuri wanaoingia pango la Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977. Bawa la Mauser liliwakinga wenye bunduki wasijidhuru. Kwa tembo wa Trans Nzoia, kizuizi cha usalama kilikuja kwa njia ya sheria, miongo kadhaa baada ya Bell kuondoka Mumias.